Lugha ya Madobi

Kitabu kilipotoka, mwandishi wake alidhani kazi imekwisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mtu wa kukaa kiti kimoja kutwa nzima akisoma maandishi ya wengine na kuyatafutia makosa: kalenda, mitihani, vibandiko vya chupa za dawa, kadi za harusi. Kwa miaka mingi aliamka kabla ya watu, akachemsha chai, akaandika kurasa zake mbili tatu, kisha akavaa viatu akaenda kazini. Siku alipotia nukta ya mwisho hakufurahi wala hakulia. Alilala mpaka adhuhuri.

Riwaya yenyewe iliitwa *Siku ya Kuanua*. Ilihusu mji wa miaka ijayo, mji usio na mahakama wala maji ya kutosha, ambako kundi la vijana waliojiita Madobi huzunguka mitaani wakipiga watu kwa kujifurahisha tu. Hawasemi kupiga. Wanasema kufua. Mtu waliyemkamata ni nguo, nondo ni sabuni, damu ni povu. Wakimaliza na kumwacha mtu amelala barabarani, wamemwanika. Wakimuua, wamempiga pasi. Na siku serikali itakapokuja kuwazoa wao wenyewe, hiyo ndiyo siku ya kuanua. Kulikuwa na maneno mengine ambayo hayamo katika kamusi yoyote: mngorozi, yaani askari, na kuzwengwa, yaani kuogopa hadi magoti yakakataa. Hayo aliyabuni mwenyewe huku akikoroga chai. Kitabu kizima kinasimuliwa na mmoja wa Madobi kwa lugha hiyohiyo, na hakuna mahali ambapo mwandishi anasimama kumweleza msomaji neno lina maana gani. Sura ya kwanza unahangaika. Ya pili unaanza kuelewa. Ya tatu unacheka, na hapo ndipo watu walipomkasirikia.

Mambo ya kufua na kuanika hakuyatoa mbali. Alikuwa akiishi chumba cha juu ya duka la kaka yake, naye kaka yake alikuwa dobi, dobi wa kweli, wa mashati na mapazia. Mvuke wa pasi ulipanda kupitia mbao za sakafu ukamkuta akiandika.

Wifi yake, mke wa dobi, ndiye aliyekaa kaunta kupokea nguo na kuzibandika namba. Alikuwa mtu wa maneno mengi na simu haikumtoka mkononi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba wasomaji wanaandika maoni yao kule mtandaoni, na akajipa kazi ya kuyasoma kwa sauti.

"Wifi, njoo usikie. Huyu anasema kitabu kimemtia kichefuchefu, kakupa nyota moja. Na huyu wa chini yake naye kimemtia kichefuchefu, kakupa tano."

"Waache," alisema mwandishi. Alikuwa akisaidia kukunja foronya.

"Huyu alikitupa kwenye ndoo ya taka alipofika sura ya tatu. Kisha akakitoa."

"Alikitolea nini?"

"Hajasema. Haya, huyu ndiye kiboko. Anasema wewe ni mwanamume. Mwanamke hawezi kuandika unyama wa namna hii, umejificha nyuma ya jina la kike ili watu wakuonee huruma. Nimjibu?"

"Usimjibu."

"Nimwambie tu kwamba siku ya harusi yangu uliazima sidiria yangu na mpaka leo hujairudisha."

Mwandishi alicheka, kicheko cha kwanza wiki ile. Lakini maoni hayakukoma, na kadiri yalivyozidi ndivyo yalivyomchosha. Kuna aliyesema ameota ndoto mbaya. Kuna aliyesema hakuna jipya, mbona damu kidogo. Mmoja alikuwa ametengeneza faharasa ya maneno yote ya Madobi, kurasa nne, amekosea karibu nusu yake, na wengine wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu makosa yale bila hata kumuuliza aliyeyabuni. Mama mmoja aliandika kwamba alimnunulia mwanawe kwa sababu jalada lilikuwa na kamba ya nguo na jua, akadhani ni hadithi ya familia.

Maktaba ya mji ikamwalika azungumze na wasomaji. Alienda kwa kuwa mchapishaji wake alimsihi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na feni moja ya darini ilizunguka polepole bila kumpoza mtu. Mwalimu wa sekondari ndiye aliyeanza. Alisimama na kitabu kikiwa kimefungwa kwa mpira, kama kwamba kikiachwa wazi kitamwagika.

"Wanafunzi wangu sasa wanaitana nguo," alisema. "Mtoto akianguka uwanjani wenzake wanapiga kelele, kaanikwa! Wewe umekaa nyumbani kwako umestarehe. Mimi ndiye niko nao darasani."

Alijibu kwamba watoto siku zote wameitana majina. Hata masikioni mwake jibu lile lilisikika jepesi. Kijana mmoja wa nyuma akasimama akakariri ukurasa mzima, bila kutazama kitabu, na wenzake wakampigia makofi. Mzee mwenye kofia akauliza kwa upole kama kuna mtu mwema hata mmoja mle ndani, maana yeye amemtafuta kwa bidii. Kisha mwanamke wa safu ya mbele akainua mkono na kuuliza kile ambacho wengi, bila shaka, walikuja kukiuliza:

"Ulipigwa ulipokuwa mdogo?"

"Hapana," alisema mwandishi. "Nilipendwa."

Alihisi kwamba wamemwonea kinyaa zaidi kuliko kama angesema ndiyo.

Mchapishaji alimsindikiza hadi nje akisugua mikono. "Umeona? Wanatukana huku wamekikumbatia. Wangenyamaza ndipo ningekosa usingizi."

"Mimi nimechoka," alisema mwandishi.

"Utachoka vizuri zaidi toleo la pili likitoka," alijibu, na hakuwa akitania.

Aliyekuwa kimya muda wote ni kaka yake. Dobi hakuwa mtu wa kusoma riwaya, lakini cha dada yake alikichukua, akawa anakisoma mchana akiwa amekaa juu ya furushi la shuka, kidole kikifuata mistari. Dukani mambo yalikuwa yamebadilika. Vijana walipita mlangoni wakipaza sauti, "Mzee, povu lipo leo?" halafu wakakimbia. Mteja wa siku nyingi alikuja kuchukua mapazia yake, na alipoulizwa yanayofuata ataleta lini, alisema atafulia nyumbani. Asubuhi moja ukuta wa duka ulikutwa umeandikwa kwa makaa: HAPA TUNAFUA HADI NDUGU ZENU. Wifi aliufuta kwa brashi na maji ya sabuni huku akitukana, na doa likabaki.

Mwandishi aliporudi kutoka kazini jioni ile alimkuta kaka yake peke yake, pasi imezimwa.

"Nimeishia sura ya nne," dobi alisema. "Nimekiacha."

"Hukukipenda."

"Umeandika vizuri, mdogo wangu. Siyo hilo." Alikunjua shati lililokwisha kunjwa, akalikunja upya. "Leo zimekuja shuka za kule wadi ya wazazi, zile zinazokuja na damu. Nimezitia majini, na kichwani likaja lile neno lako. Povu. Nikacheka. Nimekaa nacheka peke yangu juu ya damu ya mtu."

"Ni maneno tu, kaka."

"Najua. Ila nilikuwa nayatumia mimi. Mtu akiniuliza unafanya nini, nasema nafua. Sasa nikisema hivyo wananiangalia kwanza usoni, wanangoja kuona kama natania."

Hakumkasirikia. Afadhali angekasirika. Walipanda kula pamoja kama kawaida, na wifi akazungumza kwa niaba yao wote.

Muda mfupi baadaye ndipo likatokea la mwalimu wa udereva.

Alikuwa mtu wa umri wa kukaribia kustaafu, anayefundisha watu kuendesha kwa gari lake dogo jeupe lenye kibao juu ya paa. Jioni moja, jua halijazama, alikuwa amesimama pembeni ya uwanja wa mpira akimsubiri mwanafunzi wake, na vijana wakamzunguka. Hawakumwibia chochote. Walimpiga kwa nondo mpaka akaanguka kati ya gari na ukingo wa barabara. Muuza matunda aliyekuwa ng'ambo aliyaona yote, na kesho yake aliieleza redio kwamba kabla ya kuondoka mmoja wao alisema, "Mwanikeni hapohapo." Mtangazaji alilijua lile neno. Alikitaja kitabu, akafungua simu kwa wasikilizaji.

Mwandishi aliyasikia hayo kiwandani, mezani kwake, maana redio ya mafundi wa mashine haikuzimwa kamwe. Mpiga simu wa kwanza alitaka kitabu kichomwe na mwandishi wake ashtakiwe. Wa pili alisema amekisoma mara mbili na hajampiga mtu hata kofi. Wa tatu alisema hajakisoma ila kwa jinsi anavyosikia atakitafuta leoleo. Mafundi wakawa wanatazama mashine zao kwa makini zaidi kuliko mashine zilivyostahili. Kabla ya saa ya chakula, meneja akamwita ofisini akafunga mlango.

"Dada, pumzika siku chache. Usifikiri tunakulaumu."

"Nina mitihani ya shule mezani kwangu."

"Itasahihishwa."

Ilisahihishwa na mtu mwingine, ikatoka swali moja likiwa halina jibu sahihi hata moja, lakini wakati huo yeye hakuwepo.

Mchapishaji naye akampigia simu. "Usiseme neno. Wala usiende mahali. Akija mwandishi wa habari, wewe umesafiri."

"Nimesafiri kwenda wapi?"

"Kokote. Wewe ni mtunzi, tunga."

Alikaa chumbani siku nzima. Kila aliposhika kalamu aliiweka. Alifikiria kuandika gazetini, kueleza, na tayari aliyajua maelezo yenyewe yatakavyokuwa: kwamba kitabu si fimbo, kwamba watu walipigana tangu zamani. Yote yalikuwa kweli na yote yalimchosha. Asubuhi iliyofuata alinunua machungwa akaenda hospitali.

Wadi ya mifupa ilikuwa ghorofa ya pili, vitanda vimepangwa karibukaribu, madirisha marefu yasiyofunguka vizuri. Mlangoni pa chumba alikutana na mke wa mgonjwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, amejifunga kitambaa kichwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe nani wake?"

"Si ndugu, mama. Mimi ndiye niliyeandika kile kitabu."

"Kitabu gani?"

Huyu hakuwa na wakati wa redio. Ikabidi mwandishi aeleze tangu mwanzo, amesimama, mfuko wa machungwa ukimkata vidole, wauguzi wakijipenyeza kupita. Alieleza Madobi ni nani, na kuanika ni nini. Kila alivyoendelea, hadithi yake ilizidi kusikika kama jambo la kipuuzi ambalo mtu mzima hawezi kulifanyia kazi miaka yote ile.

Mke wa mgonjwa alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo walimpiga kwa sababu yako?"

"Sijui."

"Kama hujui, umefuata nini?"

"Hilo nalo sijui."

Mama yule akanyoosha mkono akachukua mfuko. "Machungwa hayana kosa," alisema. Alikuwa anageuka kufunga mlango pale sauti ilipotoka ndani.

"Nani huyo? Mwandishi? Mwandishi wa vitabu? Mlete hapa!"

Mwalimu wa udereva alikuwa amelala chali, mguu mmoja kwenye plasta umeinuliwa kwa kamba, mbavu zimefungwa, bandeji juu ya macho yote mawili. Mdomo ndio uliokuwa mzima, na alikuwa ameunyima kazi kwa siku nyingi mno. Ilibainika kwamba alikuwa msomaji mkubwa wa hadithi za upelelezi. Chini ya kiti cha gari lake jeupe kila mara kulikuwa na kitabu, akikisoma wanafunzi wanapochelewa.

"Nikuulize wewe mwenye lugha," alisema. "Niko chini pale, nasikia wanasema mwanikeni. Nikawaza, mwanikeni? Mimi mpunga? Damu inaingia sikioni, mimi naufikiria mpunga. Muuguzi mmoja mdogo ndiye aliyekuja kunieleza kwamba ni neno la kitabuni. Nisomee."

"Hakisomwi humu," alisema mkewe.

"Mke wangu, nimelala kama gogo. Huyu wa kitanda cha pili anakoroma mpaka maji yanatikisika kwenye glasi. Sioni. Kama nimepigwa kwa neno la kitabu, si nikijue basi?"

Mkewe alikaa kwenye kiti cha upande wa pili akaanza kumenya chungwa.

Hivyo mwandishi akaanza kwenda kila siku mchana, saa za kutazama wagonjwa, na kumsomea. Hakuwahi kukisoma kwa sauti kile kitabu. Kule chumbani kwake maneno yalikuwa mepesi, yaliruka ukurasani. Hapa, karibu na ule mguu uliotundikwa, kila neno la kufua lilikuwa zito, akawa anasimama kunywa maji. Alijaribu kuruka mistari. Mgonjwa akamkamata.

"Umeruka. Nimesikia pumzi yako. Rudi."

Alirudi. Mgonjwa alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya mtu anayejua hadithi inavyojengwa. Neno la kuzwengwa alilipenda sana, akawa analitumia kwa daktari. Siku moja ikafika sehemu ambapo Madobi wawili wanagombana njia nzima nani abebe sabuni, kila mmoja akilalamika mkono wake unauma tangu jana, mpaka nguo wanayoivizia inapita mbele yao na kufika kwake salama. Mwalimu wa udereva akaangua kicheko. Mbavu zikamchoma, akalia kwa maumivu, na bado akawa anacheka.

Mkewe aliinuka akatoka.

Mwandishi alimkuta mwisho wa korido, amesimama karibu na beseni la kunawia, bomba limefunguliwa na yeye hanawi.

"Mama, nisamehe. Kama unataka nisije tena, niambie."

"Anacheka na wewe," alisema mama yule, bila kuinua sauti. "Mchana anacheka na wewe. Ukishaondoka, giza likiingia, ananishika mkono hivi, haniachi hata niende chooni. Mtu mzima. Akisikia kitu kimedondoka kule nje anatetemeka kitanda kizima. Wewe unachukua kicheko, mimi naachiwa kinachobaki."

Mwandishi alifunga bomba. Walisimama hapo wote wawili mpaka muuguzi akapita na toroli la dawa, wakasogea ukutani, na mama akarudi kwa mumewe.

Kitabu kilibakiza sura moja pale mgonjwa aliposema amsikilize yeye kidogo.

"Jina linasema kuanua," alisema. Bandeji ya jicho moja ilikuwa imetolewa, na jicho lenyewe, jekundu bado, lilimtazama. "Nimekuwa nikingoja. Kila mtu wanayemwanika, nasema, sasa watakuja kumwanua. Mke wake atakuja, mtoto, jirani hata. Sura inayofuata tuko mahali pengine kabisa, yule mtu hatumsikii tena. Nguo zako zote hazina kwao?"

"Ndivyo wanavyoona wale vijana," alisema mwandishi. Alisikia ukali katika sauti yake mwenyewe. "Anayesimulia ni wao. Kwao mtu akianguka amekwisha. Ningeleta ndugu, ningekuwa nawadanganya wasomaji kwamba wale vijana wana macho ya kuona."

"Nimeuelewa huo ujanja. Si nimekwambia nasoma?" Alipumzika kidogo. "Lakini mimi sikuwa kichwani mwao. Nilikuwa chini. Na kutoka chini naona kitu ambacho hukukiandika. Muuza matunda alinifunika koti lake. Huyu mke wangu alikuja mbio na kandambili za tofauti, moja ya bluu moja ya kijani, akaninyanyua yeye na watu wawili. Hayo ndiyo niliyoyaona. Hayamo."

"Hayamo," alikubali mwandishi.

"Sisemi ni kibaya. Kimenishika. Nasema hayamo, basi."

Alirudi nyumbani kwa miguu siku ile, njia ndefu. Alikuwa amesoma mamia ya maoni, matusi na sifa, na hakuna lililomkalia kifuani namna ile. Tena alikasirika, maana bado aliamini kwamba alikuwa sahihi. Alijaribu, asubuhi iliyofuata, kuandika sura ya mtu kuja mbio na kandambili za tofauti. Iligoma. Kila alivyoiweka, ilionekana imebandikwa ili watu wa maktaba wamsamehe. Aliichana, akashuka kumsaidia wifi yake kubandika namba.

Wiki hiyo polisi waliwakamata vijana wale. Gazeti likaandika kwamba walipoulizwa kuhusu kitabu, mmoja wao aliuliza, "Kitabu gani?" Neno walikuwa wamelisikia uwanjani, kwa watu waliolisikia kwa watu.

Mchapishaji alipiga simu akiwa na furaha ya mtu aliyeambiwa kimakosa kwamba amefiwa. "Umesafishwa, dada! Umesafishwa kabisa!"

"Kwa sabuni gani?" aliuliza mwandishi.

Mchapishaji hakulielewa, au alijifanya hakulielewa. Alieleza kwamba toleo jipya linaenda mtamboni, lina utepe mwekundu juu ya jalada: KITABU KILICHOITIKISA NCHI. Mwandishi alimwambia autoe ule utepe. Mchapishaji akamkumbusha kwa heshima zote kwamba mambo ya jalada si yake. Wakabishana kidogo, kisha mwandishi akaacha. Nguvu za kubishana hakuwa nazo, na alijua atashindwa. Utepe ulitoka. Kitabu kikauzika. Wifi yake akasema nyekundu ile imechuja upande mmoja, waliopaka rangi hawakuwa makini.

Kiwandani walimpokea bila hotuba. Alikuta mezani rundo la vibandiko vya dawa ya kikohozi, akavaa miwani akaanza. Dukani kwa kaka yake vijana walipunguza kelele, wakapata jambo lingine la kuchekea. Mteja wa mapazia hakurudi. Dobi aliupaka ukuta rangi upya, na dada yake alishika ngazi.

Mwalimu wa udereva aliruhusiwa kwenda nyumbani kabla hawajafika sura ya mwisho. Jicho la pili halikupona. Gari jeupe likakaa mbele ya nyumba yake na kibao chake juu ya paa, maana, kama alivyosema mwenyewe, nani atamkabidhi mtoto wake mwalimu mwenye jicho moja na fimbo. Mwandishi hakwenda kumwona. Aliona amekwisha kuchukua nafasi kubwa mno katika familia isiyokuwa yake.

Aliyempigia simu alikuwa mke wa mwalimu. "Anasumbua," alisema, bila salamu. "Anasema kilibaki kipande. Njoo umalizie, tupumzike."

Alikwenda Ijumaa jioni. Ilikuwa sebule ndogo, kochi limegeuzwa kuwa kitanda kwa sababu ya ngazi, magongo yameegemezwa ukutani, na rafu moja imejaa hadithi za upelelezi zenye migongo iliyochanika. Safari hii mke hakutoka. Alikaa mezani amewapa mgongo, anachambua mchele kwenye sinia, na vidole vyake vilikuwa vikisimama kila mwandishi alipopunguza sauti.

Sura ile ilikuwa ndiyo siku yenyewe ya kuanua. Wangorozi wanaingia mtaani na malori, wanawazoa Madobi mmoja mmoja, na msimulizi anatupwa juu ya wenzake, uso umebanwa kwenye kisigino cha mtu. Anajaribu kusema neno la utani, kwa lugha ile, na hakuna anayecheka. Lori linaondoka. Kitabu kinaishia hapo.

Mwalimu wa udereva alikuwa amelala, au amefumba tu jicho lake.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza mke, bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Na yule kijana mwenyewe, mama yake yuko wapi?"

"Hayumo."

Mke alipuliza makapi kutoka kwenye sinia. Aliokota kijiwe, akakiweka pembeni.

"Kesho usije, ana kliniki," alisema. "Njoo keshokutwa. Uje na kitabu kingine. Cha mtu mwingine."

Mwandishi alisema sawa. Alikaa kidogo zaidi, na mama yule akamsogezea nusu ya mchele kwenye ungo. Wakachambua hadi ukaisha.